Boti Inamaliziwa na Ziwa: Nilivyojifunza Kuunda Chombo cha Mbao Matema

Mimi ni seremala wa Mafinga, na kazi kubwa ya seremala wa Mafinga ni kupambana na unyevu. Mbao za msindano zinafika karakana zikiwa bado zinatoa utomvu. Unazipanga kwa vijiti katikati zipitishe hewa, unasubiri, au unazipeleka kwenye tanuru mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 12 hivi, ndipo uanze kupasua mbao za kitanda au kabati. Ukiwa na haraka, mlango unajipinda, droo inagoma kufunguka masika, na mteja anakupigia simu kabla hujanywa chai. Tangu nishike randa nimefundishwa hivyo, na vijana wangu nimewafundisha hivyo: mbao na maji havikai nyumba moja.

Kiangazi cha mwaka huu nilishuka Matema, mwambao wa Ziwa Nyasa, kujifunza kuunda boti. Fundi aliyenipokea anayategemea maji yamfungie kazi yake. Boti ikitoka mikononi mwake bado haijaisha, inamaliziwa na ziwa. Ninaliandika jambo hili kwa ajili ya maseremala wenzangu wa huku juu, wa Mafinga, Makambako na Uyole, kwa sababu miaka yote hii sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote niliyefanya naye kazi.

Aliyeniita ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni mvuvi wa usipa na mbasa. Mtumbwi wake wa gogo ulikuwa umechoka, umepigwa viraka vya bati mpaka viraka vyenyewe vikawa na viraka, akaamua kuundiwa boti ya mbao. Fundi aliyempata ana utaratibu wake: kila boti anapokea wanafunzi wachache, wanafanya kazi naye tangu mbao ya kwanza mpaka chombo kinaingia majini. Cheti hakuna. Ada ni nguvu zako, chakula unajitegemea, na ukichelewa asubuhi unakuta kazi imesogea bila wewe. "Mama," mjomba aliniambia kwenye simu, "wewe si ndiye fundi wa ukoo? Njoo uongeze ujuzi." Nikafunga karakana, nikamwachia kijana wangu oda mbili za vitanda, nikapanda basi.

Njia wengi mnaijua. Uyole unaiacha barabara kuu ya Tunduma, unakata kushoto, unapita Kiwira na Tukuyu kwenye chai na migomba, halafu unateremka. Sweta nililotoka nalo Mafinga nililivua tulipoanza kushuka kutoka Tukuyu, na sikulivaa tena mpaka siku ya kurudi. Kyela kuna joto la kweli, la mpunga na kokoa na michikichi. Kwenda Matema unapitia Ipinda, na ukifika unaona kitu ambacho picha hazikionyeshi vizuri: Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini, kama vile ilikuwa inatembea ikasahau kusimama. Ziwa lenyewe lina urefu wa karibu kilomita 580, na mahali penye kina kirefu zaidi ni zaidi ya mita 700. Upepo wa kusini, ule wanaouita mwera, ukianza kuvuma, mawimbi yanakuwa na nafasi kubwa ya kukua kabla hayajafika Matema. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini fundi alikuwa mkali sana kuhusu kimo cha omo, sehemu ya mbele ya boti.

Karakana ni kivuli cha miembe mikubwa, hatua chache kutoka ufukweni. Vifaa vimepangwa juu ya gunia: tezo (vifaa vya kuchongea mbao) tatu za ukubwa tofauti, keekee ya kutobolea, ya kuzungusha kwa mkono, misumeno, randa moja ya mbao iliyolika mahali pa kidole gumba, patasi, na nyundo ya mti. Asubuhi ya kwanza nilimsalimia kwa Kinyakyusa nilichojifunza kwa mama, "Ugonile, tata," akacheka kwa furaha, akanipa tezo ndogo. Wenzangu walikuwa vijana wawili wa hapohapo, mmoja mtoto wa mvuvi, mwingine alikuwa akiendesha bodaboda.

Niseme kidogo juu ya mtumbwi wa gogo, kwa sababu fundi alianzia huko, kwa baba yake, na bado anauheshimu kuliko boti. Mitumbwi ya Ziwa Nyasa ukiiona mara ya kwanza unashangaa mdomo wake. Gogo linachongwa ndani likapata tumbo pana, lakini juu uwazi unaachwa mwembamba, kiasi kwamba mtu mnene anapata shida kukaa ndani. Wembamba huo una sababu: wimbi likipiga ubavuni halina pa kumwagikia, na kingo zile mbili zilizoingia ndani zinaupa mtumbwi nguvu usipasuke. Sasa fikiria anayechonga. Anaingiza mkono na tezo fupi kupitia ufa huo, anachonga mahali asipopaona. Unene anaupima kwa kugonga nje kwa vifundo vya vidole huku kiganja kingine kikiwa ndani. Fundi alinishika mkono akaniwekea kwenye mtumbwi wa zamani wa mjomba, akagonga. Kwenye sakafu ya mtumbwi mlio ulikuwa mzito, ubavuni ukapanda ukawa mwembamba, na kiganja changu kilisikia tofauti hiyo kabla ya sikio.

Lakini mti wa kutoa mtumbwi wa namna hiyo haupatikani tena karibu na ufukwe. Ukiupata kwenye msitu wa asili, unahitaji kibali kuukata, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haina mzaha. Mimi naona ni sawa. Mtumbwi wa gogo unakula mti mzima, sehemu kubwa inaishia kuwa vibanzi vya kuni, ilhali mti huohuo ukipasuliwa mbao unatoa boti na mbao zinabaki. Fundi anaumia kuliko mimi, kwa sababu yeye anapoteza kazi ya baba yake, na hata hivyo ndiye aliyeniambia hesabu hiyo.

Mbao za boti ya mjomba zilikuwa za mvule, zimenunuliwa kihalali na risiti ikahifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari. Zilikuwa zimekaa kivulini miezi mingi. Mimi, kwa mazoea yangu, nilizishika nikauliza kama kuna mpango wa kuzianika tena, maana bado zilikuwa na ubaridi. Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza.

Fundi alichukua tezo akakwangua ukanda mwembamba kwenye ukingo wa ubao mmoja, akauviringisha kwenye kidole cha shahada. Ukajikunja bila kukatika. Akachukua kipande kilichokuwa kimesahauliwa juani karibu na jiko, akakwangua tena, akaviringisha. Ukakatika vipande vipande. "Huu wa pili," akasema, "ukiuweka kwenye boti utakunywa maji mpaka ulewe." Maana yake ni hii. Ubao mbichi ukiuunda, siku boti ikivutwa nchi kavu utasinyaa na kuacha nyufa. Ubao uliokauka kupita kiasi ukiingia majini utavimba sana, utasukumana na mwenzake, na kwa kuwa hauna pa kwenda utang'oa misumari au utajitenga na mbavu. Kinachotakiwa ni ubao wa katikati, wenye nafasi ya kuvimba kidogo tu, ule uvimbe unaotosha kuziba mshono. Sisi huku juu tunakausha ili ubao usicheze. Yeye anakausha kwa kipimo, ili ubao ucheze kiasi anachokitaka.

Mkuku, uti wa mgongo wa boti, uliwekwa juu ya magogo, fashini, yaani nguzo zake za ncha, zikasimamishwa mbele na nyuma, kamba ikavutwa kutoka omo hadi tezi, sehemu ya nyuma. Hapo sina mengi ya kusema, ni kazi ya kamba, timazi na jicho, seremala yeyote ataielewa akiiona. Mbavu ndizo zilizonifurahisha. Hazikatwi kwenye ubao. Tulizunguka mashamba ya jirani na waya mnene uliopindwa kwa umbo la ubavu, tunaulinganisha na matawi ya miembe. Tawi lililopinda lenyewe tangu utoto wake lina nyuzi zinazofuata mpindo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikata mpindo huohuo kwenye ubao ulionyooka, unazikata nyuzi katikati, na pale zinapokatika ndipo patakapovunjika. Wanaotengeneza viti wanalijua hili, mguu wa nyuma wa kiti huvunjika palepale penye mpindo. Sikuwa nimefikiria kwamba jibu linaweza kuwa kwenda kumtafuta mwembe uliokwisha kupinda. Kuna siku tulirudi jioni na matawi mawili tu, na fundi akaona tumefanya kazi nzuri.

Kuunganisha ubao kwa ubao ndiko kulikochukua muda mrefu, na ndiko ninakotaka kukaa kidogo.

Ukingo wa ubao uliokwisha kufungwa unapakwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Ubao unaofuata unaletwa, unabanwa kwa kamba inayosokotwa na kijiti mpaka inalia, halafu unafunguliwa. Kila mahali palipopata weusi ni mahali palipogusa, ndipo pa kukwangua. Unakwangua wembamba wa karatasi, unapaka tena, unabana tena, unafungua tena. Mwanzoni unapata madoa mawili matatu, siku inavyokwenda madoa yanaungana yanakuwa mstari. Jua linapanda, nzi wanakusumbua, watoto wanakuja kuangalia wanachoka wanaondoka, na wewe uko kwenye ubao uleule. Mimi kazi hii niliipenda kuliko zote. Mikono yangu inaijua, maana mlango mzuri nao unafungwa hivyo.

Tofauti ilikuja mstari wa masizi ulipokamilika. Fundi aliinama, akapitisha ukucha kwenye ukingo. "Sasa ondoa upande wa nje," akasema. "Ndani zibusiane, nje ziachane kidogo."

Yaani mbao mbili zinagusana sawasawa upande wa ndani wa boti, lakini upande wa nje zinaacha mfereji mwembamba, mpana kwa nje na unaokwisha kabla ya kufika ndani. Mfereji huo ni wa pamba. Zikigusana unene mzima, pamba haina pa kukaa. Zikiachana unene mzima, pamba itapita mpaka ndani na maji yatafuata. Nilichukua tezo ndogo, nikaanza kulegeza ukingo niliokuwa nimeukaza kutwa nzima, na vijana wale wawili wakinitazama kwa huruma.

Ubao wa kupinda kwenye omo unalainishwa kwa moto na maji: magunia yaliyolowa juu yake, moto mdogo wa maranda chini, mawe kwenye ncha, na mtu wa kukaa akimwagia maji kila yanapokauka. Usiuache peke yake. Msumari hauingii kwenye mvule bila kutobolewa njia kwanza kwa keekee, tena tundu liwe dogo kidogo kuliko msumari. Chini ya kichwa cha kila msumari unazungushwa uzi wa pamba uliochovywa mafuta, kwa sababu tundu la msumari nalo ni mlango wa maji. Ncha inayotokea ndani ya ubavu inapindwa ikalala, haichomoki tena.

Kisha kalafati, kazi ya kuziba mishono. Pamba inasokotwa kwa mkono iwe kamba laini, isiyokazwa, inachovywa kwenye mawese, ambayo Kyela hayana shida kupatikana, inaingizwa kwenye mfereji kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilidhani hapa nguvu ndiyo inayotakiwa. Fundi alinizuia mkono mapema. Pamba ikishindiliwa kupita kiasi, siku mbao zikivimba zitakuta mfereji umejaa tayari, hazina pa kuingia, zitaanza kusukumana na kuzivuta mbavu zitoke mahali pake. Boti inaweza kuharibiwa na mtu aliyeiziba vizuri mno. Kipimo ni mlio. Patasi ikigonga pamba iliyo wazi, mlio ni mfu. Ikikaa inavyotakiwa, unasikia mlio unapita kwenye ubao mzima mpaka upande wa pili. Mlio huo ukiusikia, unaacha. Fundi alikuwa amekaa upande mwingine wa boti, hanioni, anakunywa uji, na mara kwa mara anasema, "Hapo. Songa mbele."

Juu ya pamba ikapakwa lami iliyoyeyushwa kwenye debe, na hapo boti ikaonekana imekwisha kwa macho ya mtu wa Mafinga.

Katikati ya kazi, Jumamosi moja, tulipumzika nikaenda Lyulilo kwenye gulio la vyungu. Wafinyanzi wa Kikisi wanatoka Ikombe, ng'ambo ya mlima. Njia ya miguu ipo, ila vyungu haviendi kwa miguu, vinakuja kwa mitumbwi na boti, vimepangwa kwenye majani makavu. Nilimsaidia mama mmoja kushusha, nikamwambia tunaunda chombo, nikamuuliza yeye kama abiria anatafuta nini kwenye boti. Hakufikiria hata kidogo. "Sakafu, mwanangu. Boti nyingi zina mbavu wazi chini, chungu kinakaa upande, wimbi moja kimekwenda. Waambie waweke mbao za kukanyagia, tena zitoke, tuweze kufua, kuchota maji yaliyoingia chini yake." Nilirudi nikalifikisha neno hilo jinsi lilivyo. Mjomba alisema yeye anabeba samaki, si vyungu. Fundi alisema samaki nao hawapendi kulala kwenye maji machafu, na boti yoyote ya Matema siku moja itabeba vyungu, hata mwenyewe asipotaka. Zikawekwa nafasi za mbao za sakafu.

Siku ya kuishusha, watu walikuja bila kuitwa. Tuliiviringisha juu ya magogo, wanaume na wanawake na watoto wa shule, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, mpaka tumbo lake likagusa maji. Ikaelea ikiwa imekaa sawa kabisa, haikulalia upande wowote. Halafu maji yakaanza kuingia. Kwenye mishono ya chini yalitoka matone, matone yakawa vijito, na baada ya muda kulikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Mimi moyo ulikuwa unaenda mbio. Seremala ukiona kazi yako inavuja mbele ya kijiji kizima, huwezi kutulia, hata kama umeambiwa. Fundi aliifunga kwa kamba kwenye mti, ikae palepale kwenye maji mafupi, akaweka mawe machache ndani ishuke hadi kina chake cha kubeba mzigo, akamwambia mjomba, "Iache inywe." Pesa ya mwisho hakuidai siku ile. Hana desturi ya kudai kabla chombo hakijanywa.

Asubuhi tulifua maji yote kwa ndoo, tukakaa tukaangalia. Vijito vilikuwa vimekufa, yamebaki matone. Kesho yake, ndani ya boti kulikuwa na unyevu tu kando ya mkuku. Nilipitisha kidole kwenye mshono wa upande wangu, ule nilioukwangua kutwa, kwa ndani. Ukucha haukuingia. Zile mbao zilizokuwa mbili, ukifumba macho, kidole hakikuweza kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, na hakuna gundi, hakuna skrubu, hakuna kibano kilichofanya vile. Nimefanya kazi ya mbao zaidi ya nusu ya maisha yangu na sijawahi kuona kiungo kizuri kama kile.

Kwa sababu hiyohiyo boti haitakiwi kukaa juani muda mrefu. Ikivutwa juu kwa matengenezo, inafunikwa kwa majani ya migomba, inamwagiwa maji jioni. Mvuvi anayeijua boti yake haiachi ikauke.

Jambo linalonisumbua ni mbao. Mvule unahitaji miongo kadhaa kufikia unene wa kupasuliwa, na fundi anasema kila mwaka anazifuata mbao mbali zaidi. Nilimuuliza juu ya msindano wetu, maana Mufindi tumejaaliwa misindano mpaka upeo wa macho. Alipima kipande nilichokuwa nacho, akakwangua, akaviringisha, akanusa utomvu. Kwa ubavu wa chombo alikataa kabisa: ni laini, ukilowa na kukauka mara kwa mara unaoza upesi. Mkaratusi nao unapasuka mno. Lakini kwa mbao za sakafu na za kukalia, zile zinazotolewa na kubadilishwa, alisema msindano unatosha, na kila ubao wa sakafu unaotoka Mufindi ni ubao mmoja wa mvule unaobaki kwa ajili ya ubavu.

Kwa hiyo tumekubaliana. Boti inayofuata ataianza mpunga ukishavunwa, na mimi nitashuka na shehena ya msindano niliyoipanga mwenyewe kwa urefu aliouandika kwa mkaa nyuma ya kalenda. Tanuruni haitapita, nitaikausha kivulini. Kijana wangu mmoja atafuatana nami kwenye shule ya tezo, kwa maana naye anataka kuja. Seremala mwingine wa huku juu anayetaka kwenda, nafasi kwa fundi ni za watu wachache. Nenda kiangazi, nenda na tezo yako mwenyewe iliyonolewa, na uwe tayari kukaa kwenye ubao mmoja kutwa nzima.